Jiwe la Kufunikia Maziwa

Ilinichukua miaka kumi na moja ya ndoa kuliona jiwe la mama mkwe wangu, na sababu ilikuwa heshima. Katika ukoo wa mke wangu, nje kidogo ya Bujora, mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Hapiti hata upande ule. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite, na kama kuna la kusema linapitia kwa mtu wa tatu, hata mkiwa hatua mbili na mnasikiana vizuri kabisa. Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikunywa maziwa mgando ya yule mama, ndoo kwa ndoo, nadhani hata ziwa letu liliona wivu, na sikujua chungu chake kinafunikwa na nini.

Siku niliyoliona, kuta za jiko zilikuwa zinakandikwa udongo upya na vyombo vyote vimetolewa uani. Chungu cha maziwa kiliwekwa kivulini, juu yake kifuniko cha mbao, na juu ya kifuniko jiwe la kumzuia paka. Lilikuwa kubwa kuliko ngumi yangu. Upande mmoja ulikuwa mweupe kama sukari iliyogandamana. Upande wa pili ulijaa mabamba membamba ya rangi ya fedha yenye umanjano kwa mbali, yamesimama yamepangana kama visu kwenye meza ya muuza visu. Nitakuwa mwongo nikisema liling'aa mpaka Kisesa, lakini moyo wangu ulifika Kisesa na kurudi.

Mimi ni fundi wa mizani, hapa Mirongo. Natengeneza mizani za samaki, za nyanya, za vyuma chakavu, na kazi hiyo imenifundisha kwamba hakuna mtu anayeleta mizani yake irekebishwe kwa sababu inampunja mteja. Nimekuta sumaku zimegandishwa chini ya sahani. Nimekuta sarafu, bazoka iliyotafunwa, na mara moja pete ya ndoa. Kwa hiyo nashuku. Nikiamka asubuhi nashuku jua limechelewa makusudi. Juu ya tabia hiyo nikaongeza elimu, maana nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na moja, na kemia nikapata D iliyong'aa kama A. Tangu hapo ukoo wa mke wangu wananiita Profesa, na mimi sijawahi kuwakataza.

Basi Profesa akalishika lile jiwe, akamwita mke wake.

"Mama watoto, mwulize mama jiwe hili lilitoka wapi."

Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa uzio wa minyaa, hatua tano kutoka nilipo.

"Mwambie mkwe wangu," sauti ikatoka kwenye minyaa, "lilitoka chini kabisa walipochimba kisima, mwaka nilioolewa. Mwulize analitakia nini."

"Mwambie mama sitaki kitu, naliangalia tu."

"Mwulize mbona amelishika."

Mke wangu akanigeukia. "Anauliza mbona umelishika."

"Nimesikia."

"Basi jibu, mimi nina ufagio mkononi."

Nikajibu kwamba pengine hilo si jiwe tu, pengine ni madini, na kwamba ningeomba nilipeleke mjini likaangaliwe.  Kisha sauti ikasema polepole, kama mtu aliyekuwa na jibu lake tayari tangu zamani, "Mwambie, kama ni madini, nataka ng'ombe."

Ilibidi mke wangu anieleze baadaye, maana kwenye zizi lile kulikuwa na ng'ombe wa kutosha kuziba barabara ya Magu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wa mama. Aliwakamua wote, aliwajua kwa kikohozi, na asubuhi yoyote angeweza kukuta aliyempenda ameondoka kwenda kulipa mahari ya mtoto wa shemeji yake, bila yeye kuambiwa. Alitaka mmoja. Wa kwake, asiyetoka kabla hajaulizwa.

Sasa habari ya jiwe ikafika kwa baba mkwe, na baba mkwe ni mtu ambaye kwenye kushuku mimi ni mwanafunzi wake wa chekechea. Alinikaribisha kwenye lango la zizi, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akalitazama jiwe na kunitazama mimi kama anatulinganisha.

"Mkwe, utaondoka na hili," alisema. "Utarudi na lipi?"

"Na hilihili, baba."

"Nitajuaje?"

Nilitaka kukasirika, ila kiufundi swali lilikuwa zuri. Hata mimi nikimpa mtu mizani yangu naiandika kwa ndani. Nikamwambia kweli, mjini watu wanabadilisha vitu huku unawatazama. Basi akaingia ndani, akatoka na msumeno wa kukatia chuma, akaweka jiwe juu ya kigogo, akaanza kulitia alama ya ng'ombe wake: mistari mitatu na mmoja wa kuikata. Alama ile iko kwenye kila paja la kila mnyama wa ukoo ule, na watu wa vijiji vitatu wanaijua kuliko wanavyojua bendera. Alichagua bamba kubwa kuliko yote, lililonyooka, linalong'aa kama kioo. Nilimwuliza kwa nini pale. Akanishangaa.

"Alama inawekwa mahali inapoonekana."

Nami, mwenye kemia ya D, nikaona hilo ni jambo la akili sana. Nikamsifu. Akanisifu kwa kumsifu. Tena nikainama nikasema, "Huu wa tatu haujaingia vizuri, baba." Akaukandamiza msumeno. Kitu kikalia kacha, kipande kikaruka kwenye vumbi, hakuna aliyejali, kwa sababu alama ilikuwa imetoka safi. Mama mkwe akaja na ufagio, nami nikaondoka kwa heshima.

Mjini nilianza na vipimo vyangu mwenyewe. Nilichukua kigae cha bafuni, nikalisugua bamba moja pembeni kwenye mgongo wa kigae, ule upande mkavu usiong'aa. Dhahabu ikisuguliwa pale huacha mstari wa njano. Ile dhahabu ya uongo inayowaliza watu huacha mweusi wenye ukijani. Jiwe la mama likaacha mstari wa kijivu. Halikuwa hii wala ile. Nikashuku kigae. Nikanunua kingine, kijivu tena. Nikalining'iniza kwenye mizani, nikalipima hewani, kisha nikalipima likiwa limezama kwenye ndoo ya maji, nikapiga hesabu kama tulivyofundishwa. Ikatoka kwamba ni zito mara nne na kitu kuliko maji, uzito wa katikati usio na heshima yoyote. Nikaishuku mizani, na mizani niliitengeneza mwenyewe.

Kisha nikafanya kosa la kumwonyesha dalali mmoja mwenye ofisi mitaa mitatu kutoka kwangu. Alilishika, akaliinua, akalinusa, akaliweka chini haraka mno.

"Mzee wangu, hii ni shaba na bati. Haina kitu."

"Haina kitu?"

"Haina kitu kabisa. Lakini kwa kuwa umetoka mbali nakupa laki moja na nusu, niliweke mezani kama pambo."

"Nimetoka hapo Mirongo. Na kama haina kitu, laki na nusu ni ya nini?"

"Ya ubinadamu, mzee wangu."

Mizani ya mtu yule nimeitengeneza mara mbili, kwa hiyo ubinadamu wake naujua mpaka gramu. Nikalifunga jiwe. Nilipofika mlangoni ikawa laki tatu. Nilipokanyaga barazani ikawa laki tano. Jiwe lisilo na kitu lilikuwa linapanda kwa kila hatua, na nikawaza kwamba nikitembea mpaka Nansio kisiwani, maji na yote, nitafika nikiwa tajiri kuliko serikali. Akanifuata akaniomba basi nimwachie hadi kesho, au kama sitaki, nimmegee kipande kidogo tu cha kupima. Nikamwambia mzigo huu una wenyewe. Siku ile nilirudi nyumbani kwa njia mbili tofauti, na jiwe likalala ndani ya sufuria ya wali, wali ukiwa juu yake.

Mtu wa mwisho niliyemfikiria alikuwa mama mmoja mstaafu wa Isamilo, aliyefundisha habari za miamba chuoni kwa miaka mingi. Nilimfahamu kwa sababu aliwahi kuniletea kamizani kake kadogo akilalamika kwamba kanampendelea yeye. Katika maisha yangu yote ya ufundi ndiye mteja pekee aliyesema hivyo, na kwa hiyo nilimshuku kuliko wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapa, toa hapo kwenye dirisha. Usilianike juani."

Hilo la jua lilinishtua, hajalipima ameshaanza kutoa amri. Akachukua lenzi, akaliinamia mpaka pua ikakaribia kuligusa. Akalisogezea sumaku, jiwe halikujali. Akagusa ukingo mmoja kwa pini, akaona pini inaingia kirahisi kama kwenye sabuni kavu. Aliniuliza vipimo vyangu, nikamwambia kigae na ndoo. Alisema kigae kilisema kweli, na ndoo nayo ilisema kweli ila mimi nilipima watu wawili kwa pamoja: yale meupe ni mwamba mwepesi wa kawaida, umebeba kitu kizito mgongoni.

"Kitu gani?"

"Nashuku ni silvanaiti," alisema, na neno 'nashuku' likanipunguzia wasiwasi kidogo, nikaona ni mwenzangu. "Dhahabu na fedha zilizoungana na kitu kinaitwa teluriamu. Zikiungana hivyo dhahabu haifanani na dhahabu. Wachimbaji wengi wanaitupa. Lilikuwa wapi?"

"Jikoni. Juu ya chungu."

"Jikoni kwenye giza?"

"Mama, mimi jiko lile sijawahi kuliona ndani. Naambiwa ni giza."

"Ndiyo maana bado linang'aa. Hili jua linalifubaza."

Akanieleza kwamba lina wanunuzi wa namna mbili. Wa kwanza atalisaga, atoe dhahabu, alipe kilichomo akitoa gharama na maneno. Wa pili hasagi. Ni wakusanyaji wa mawe, wako huko duniani, wanaliweka kwenye kabati lenye pamba. "Huyo ananunua sura," alisema. "Fuwele nzima, kona zake kali, hazijaguswa. Kwa jiwe la namna hii sura inaweza kushinda dhahabu iliyomo mara nyingi. Mkwaruzo mmoja, anarudi hatua. Wa pili, anaondoka." Wakati anasema hivyo alikuwa analigeuza taratibu, na mkono ukasimama.

"Hii ni nini?"

"Alama ya ng'ombe, mama."

"Ng'ombe gani?"

"Wa baba mkwe."

Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Imekatwa kwenye fuwele bora kuliko zote."

"Alama inawekwa mahali inapoonekana."

"Na mtikisiko umezitia nyufa fuwele za jirani. Hapa kuna iliyokatika kabisa, imeacha pengo. Huu mstari wa tatu umeingia sana, kwa nini?"

Nikatazama nje, ziwa lilikuwa limetulia vizuri siku hiyo.

Halafu nikakumbuka kushuku. Hivi si ndivyo kila mnunuzi anavyoanza, kwa kukuta kasoro? Nikamwambia hivyo. Akasema yeye hanunui. Nikamwambia wanaonunua ndivyo wanavyosema. Badala ya kunifukuza akacheka mpaka akashika meza, akasema jiwe linahitaji kuthibitishwa maabara, nimwachie wiki mbili. Nikalikumbatia kama mtoto mwenye surua.

"Mwanangu," alisema, "hata nikitaka kukubadilishia, nitapata wapi lingine lenye ng'ombe?"

Tukakubaliana achukue vumbi tu lililobaki ndani ya mistari ya msumeno. Chembe chache akaziweka juu ya kipande cha mkaa uani, akaniambia nisimame upande upepo unakotoka, akazipuliza kwa moto wa kitaa kidogo cha gesi. Chembe zikatoa moshi, zikajikunja, zikatoka jasho. Moto ulipoondolewa kulikuwa na kitone kimoja cha njano, kidogo kuliko jicho la dagaa. Vumbi lililobaki liliingia kwenye bahasha, bahasha nikaifunga kwa gundi, nikasaini juu ya mfuniko mara nne, na nusura niandike majina ya kila punje. Wiki mbili baadaye karatasi ya maabara ikarudi na jibu lilelile.

Nikalirudisha jiwe Bujora na habari zangu mbili, ya dhahabu na ya sura. Baba mkwe alilikagua, akapitisha kidole kwenye alama, akaridhika kwamba mwizi sikuwa. Nikamweleza habari ya sura. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Mkwe, nimetia alama ng'ombe miaka hamsini," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyepunguza maziwa."

"Ni kweli, baba, ila jiwe—"

"Huyo mama wa Isamilo anataka kulishusha bei. Na wewe amekuweza." Akaliweka kwapani. "Hili lina alama yangu. Litakaa kwangu mpaka aje mtu mkweli."

Mke wangu, aliyekuwa karibu akisikia, akainama kuchukua ndoo isiyo na kitu ndani, akaondoka nayo. Mimi nilibaki nimesimama. Sikuwa nimeliona hilo. Niliposhangilia msumeno nilidhani tunamzuia mwizi wa mjini, kumbe kwa mistari minne tulikuwa tumelihamisha jiwe kutoka jikoni kwenda zizini, na mmoja wa mistari hiyo niliuagiza mimi. Ng'ombe wa mama alikuwa ameondoka kama wale wengine wote, bila yeye kuulizwa.

Nilikwenda kukaa karibu na minyaa kwa sababu sikuwa na pengine pa kuweka uso. Mke wangu alikuwa pale anachambua mchicha.

"Mwambie mama nimekosa," nikasema.

Minyaa ikajibu: "Mwulize mkwe wangu, huyo mama wa mawe alisema kuna kipande kilikatika?"

"Mwambie ndiyo, kuna pengo."

"Mwulize, hicho kipande kina alama?"

Nikafikiri. "Mwambie hapana. Kilikatika kabla msumeno haujakigusa."

Nikasikia miguu inaondoka, mlango wa jiko, kimya, miguu inarudi. Kisha mkono ukapita kati ya minyaa, mkono ambao sikuwahi kuuona kwa karibu, umeshika kopo la mafuta ya kujipaka.

"Shika," alisema.

Hakusema 'mwambie ashike'. Mke wangu akaacha mchicha. Nikalipokea kopo kwa mikono miwili nikiwa nimeangalia chini. Ndani kulikuwa na kitambaa cha kaniki kimekunjwa mara nyingi, na ndani ya kaniki fuwele moja, ndefu kama kidole changu cha mwisho, safi, kona zote nne kali, inang'aa kama siku ile uani. Ilikuwa imepasuka kwa kunyooka, kama ukurasa uliochanwa kwa rula.

"Ulijuaje, mama?" Nami nikajikuta nimesahau kupitisha.

"Sikujua kitu. Nilisikia wanaume wawili wanasifiana juu ya kitu changu. Nikafagia kwa makini."

Safari hii sikuongeza akili yangu yoyote. Kopo lilikwenda Isamilo likiwa limefungwa, yule mama akaiangalia fuwele kwa lenzi chini ya kivuli cha mkono wake. Alinisindikiza mwenyewe kwenye soko la madini, kwa mnunuzi mwenye leseni, karatasi zikagongwa mihuri. Nilishuku mizani yao. Waliniruhusu niikague, ilikuwa sawa, nikakasirika kidogo. Mnunuzi aligeuzageuza fuwele akitafuta mkwaruzo, akakosa, na bei aliyotaja haikufika kwenye majumba niliyokuwa nimeshayajenga kichwani, yenye ghorofa na lifti. Ilifika kwenye mtamba mmoja mzuri, mwekundu, mwenye baka jeupe kifuani, na pesa ya mabati ya jiko ikabaki.

Baba mkwe aliliweka jiwe lake dirishani, mahali linapoonekana na kila mgeni, jua likilipiga kuanzia asubuhi hadi linazama. Akaja mtu mkweli wa kwanza, akaja wa pili, hakuna aliyelinunua. Baada ya miezi michache nikaitwa. Nilimkuta amelishika, na lilikuwa limefubaa, limekuwa na rangi ya sufuria kuukuu.

"Mkwe," alisema taratibu, "ulilibadilisha."

"Baba, hebu angalia alama."

Akaangalia. Mistari mitatu, na mmoja wa kuikata, na wa tatu umeingia vizuri sana. Akapitisha kidole. Akapitisha tena. Watu wa vijiji vitatu wangeapa ni yake. Akalirudisha jiwe dirishani, safari hii likiwa limegeukia ukutani.

Mtamba alipofika, mzee alitoka na chuma cha kutilia alama kimeshawekwa motoni. Mama mkwe akasimama mbele ya ng'ombe wake na ndoo mkononi. Sikusikia walichosemezana, maana nilikuwa nimeshaingia shambani kwa heshima, ila chuma kilirudi ndani na paja la mtamba lile ni jekundu tupu hadi leo.

Sasa ng'ombe huyo amezaa, na maziwa yake yana chungu chake peke yake. Nikienda Bujora naletewa kikombe uani. Juu ya kifuniko cha chungu kile, kivulini pale uani, kuna jiwe jingine, la kawaida kwa umbo ninaloliona kwa mbali, ila kila nikifika nalikuta limefunikwa kitambaa cha kaniki. Nimemwuliza mke wangu ni la nini. Anasema ni la kumzuia paka. Nimemwomba amwulize mama kama naweza kuliangalia kidogo tu, na jibu lililotoka kwenye minyaa ni kwamba nimalize maziwa yangu.